Usiridhike na kijani cha ripoti ya droni kabla ya kupiga hesabu

Ukishachakata picha za droni ili kuziunganisha kuwa ramani moja, programu hukupa ripoti yenye ramani ya rangi inayoonyesha jinsi picha zilivyolaliana, yaani sehemu moja ya ardhi imeonekana kwenye picha ngapi. Wengi wakiona kijani kimetanda, wanatuma kazi kwa mteja. Mimi kijani hicho sikiamini mpaka nipige hesabu.

Programu ya Pix4Dmapper hupaka kijani popote ambapo kila pikseli imeonekana kwenye picha zaidi ya 5. Sasa tuseme ulipanga picha zilaliane asilimia 80 mbele na 70 ubavuni. Kwa mbele, droni husogea asilimia 20 tu ya eneo la picha kabla ya kupiga nyingine, hivyo nukta moja ya ardhi hunaswa mara 5 kwenye mstari mmoja wa kuruka. Kwa ubavuni inaonwa na mistari 3 na kitu. Zidisha, unapata picha 16 hivi. Ungepanga 60 kwa 60 ungepata 6 tu, na zote mbili zingetoka kijani! Programu nyingine, Agisoft Metashape, ina afadhali kidogo, kwa kuwa rangi zake hupanda ngazi kwa ngazi mpaka zaidi ya 9.

Hapo ndipo vilima vinapowaponyoka watu. Droni iliyopangiwa mita 100 juu ya mahali ilipopaa, ikifika kwenye kilima cha mita 40, imebakiza mita 60 juu ya kilele. Upana wa kinachoonwa na kamera umeshuka hadi asilimia 60, ilhali nafasi kati ya mistari ni ile ile. Ile 70 ya ubavuni inakuwa 50, ile 80 ya mbele inakuwa 67 hivi, na picha 16 zinageuka 6. Ripoti bado inang'aa kijani. Miti mirefu na maghorofa hufanya vivyo hivyo.

Wekundu, yaani rangi ya picha chache, ukiwa kingoni usikushtue, kule hakuna mstari wa jirani. Ongeza mistari miwili nje ya mpaka kisha ukate ziada. Doa jekundu la katikati ndilo la kufuatilia. Kwanza linganisha idadi ya picha ulizoingiza na zile ambazo programu imeweza kuzipatanisha, yaani kuziunga na nyingine mahali pake, kwa sababu ramani ya rangi huhesabu zilizopatanishwa peke yake. Juu ya maji, mchanga mtupu au msitu mnene unaoyumbishwa na upepo, picha hutupwa nyingi, hata kama droni ilipita vizuri kabisa. Kisha fungua picha mbili tatu za pale na uzikuze. Zikiwa na ukungu wa mtikisiko, kuongeza idadi hakutasaidia. Rudia kwa mwendo wa polepole.

Kwa vilima, dawa ni kurusha kwa kufuata umbo la ardhi. Kama droni yako haina uwezo huo, paa kutoka sehemu iliyoinuka zaidi. Mabondeni picha zitalaliana kupita ulivyopanga, na hilo halina ubaya, ila kila pikseli itabeba eneo kubwa zaidi la ardhi. Kwa hiyo kama mkataba umetaja sentimita kwa pikseli, ukokotoe kwa bondeni, na uhakikishe droni haizidi kimo kinachoruhusiwa ikiwa juu ya bonde hilo.