Nilivyoshindana bei na muuzaji mwenyewe

Jumapili usiku kijana mmoja wa Nzega alinitumia ujumbe: "Kaka, nimeshinda mnada wa heller ila moyo mzito. Kuna mtu alikuwa ananifuata kila nikitaja bei, mwishoni akapotea." Nimeusoma mara tatu. Namjibu hapa hapa, maana tunaokusanya sarafu za zamani tumekuwa wengi, na sote tunazitamani heller zilezile za Tabora, sarafu za enzi za Mjerumani.

Unazijua. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wamewazibia Wajerumani njia ya bahari, fedha kutoka kwao haziji, wakaamua kugonga sarafu huku huku, kwenye karakana ya reli Lulanguru, karibu na Tabora. Zikatoka heller 5 na heller 20 zenye herufi T ya Tabora, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake. Hizo za dhahabu ni elfu kumi na sita na kidogo tu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Mimi nimezaliwa Isevya, nimekua nikisikia honi ya treni kila siku, na mpaka nafika miaka thelathini sikuwa nimeishika hata heller moja ya nyumbani kwetu. Wenzetu wa Ulaya wanazo kwenye makabati.

Kwa hiyo siku heller 20 ya T ilipotupiwa kwenye kundi letu la WhatsApp, kuanzia shilingi 30,000, sikula chakula cha usiku. Picha ilikuwa safi, taji linaonekana, T imekaa vizuri. Nikaandika 35. Mzee mmoja akaandika 40. Nikaandika 45, mzee akaniachia. Nikajua imekuwa yangu. Dakika mbili kabla ya mnada kufungwa ikaingia namba ngeni, haina picha: 60.

Hapo ndipo nilipopotea. Nikaandika 70, yeye 80. Mimi 100, yeye 110, na majibu yake yalikuwa yanaingia kabla sijaweka simu chini. Mke wangu akaniuliza, "Baba, hiyo sarafu unaila?" Sikumjibu. Nilifika 160,000, namba ngeni ikaandika 165, nikaishiwa nguvu.

Asubuhi muuzaji akanipigia. Huyu mtu nilikuwa namwita kaka mkubwa, ndiye aliyenifundisha kutofautisha fedha halisi na iliyopakwa. Akasema mshindi kazima simu, "basi chukua wewe mdogo wangu, kwa ile 160 yako". Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, nikatuma hela palepale, jina lake likatokea kwenye simu, nikathibitisha.

Wiki chache baadaye namba ileile ngeni ikaingia kwenye mnada mwingine wa kaka mkubwa, ikipambana na kijana wa Urambo. Sijui nini kilinisukuma. Nikafungua sehemu ya kutuma pesa, nikaiingiza ile namba, nikaweka shilingi elfu moja. Unajua kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la unayemtumia. Likatokea jina nililolilipa 160,000. Majina yote matatu.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba mpaka adhana ya alfajiri. Hela inauma, lakini hela hurudi. Kilichoniuma ni ile asante.

Na niseme yote, kwa sababu kabla ya hapo rafiki yangu aliwahi kuniomba nimpandishie rupia yake ya fedha, ile ya Wilhelm na kofia yenye tai. "Tupia 55 tu, nimchangamshe mteja." Nikatupia. Mteja alikuwa mwalimu, akaongeza hadi 75. Nilikuwa mpambe, yule anayetaja bei ili ipande tu bila nia ya kununua, nami nikajiambia nasaidia rafiki. Mwalimu yule nimeshamtafuta nikamrudishia tofauti kutoka mfukoni mwangu.

Usidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2000 kule Marekani mchoro uliuzwa eBay kwa dola 135,805, mnada ukafutwa ilipogundulika muuzaji mwenyewe alikuwa ametaja bei. Baadaye kesi ikafika mahakama ya shirikisho. William Mastro, aliyekuwa jina kubwa kwenye minada ya kadi za besiboli, alikiri mwaka 2013 kwamba bei zilipandishwa kwa dau za uongo, na mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela. Hata sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inamkataza muuzaji kutaja bei kwenye mnada wake au kumtuma mtu, isipokuwa awe ametangaza mapema kwamba amejiwekea haki hiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, andika kikomo chako kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, na ukifika hapo zima simu. Kwenye mitandao mikubwa unaweka dau lako la juu na mashine inakupandishia kidogo kidogo. Mpambe anapanda ngazi hizo moja moja akilitafuta dau lako. Fungua historia ya dau: mtu anayetaja bei karibu zote kwa muuzaji mmoja, na hashindi, mkimbie. Na ukiambiwa "mshindi kapotea", usikubali bei yako ya mwisho. Rudi kwenye bei iliyokuwepo kabla ya aliyepotea kuingia. Yangu ilikuwa 45,000. Akikataa, mwachie sarafu yake. Kikomo, ndugu zangu, kikomo. Na wewe muuzaji, kama unaogopa kuuza rahisi, tangaza bei ya chini mapema, kila mtu aione. Kumla mtu anayekuita kaka ni dhambi.

Heller yangu ninayo bado. Nimeiweka kwenye bahasha ndogo, juu nimeandika 45,000, chini yake 160,000.

Kijana wa Nzega, hela hujatuma bado, umeniambia. Iingize ile namba kwenye simu yako usiku huu uone jina gani litatokea. Nitakuwa macho.