Wafanyakazi wamsikilize nani dukani?

Dada, unayelalamika kuhusu kijana wa stoo dukani kwenu, kijana hana shida, shida ni hiyo ya kuagizwa na wewe, mumeo na shemeji yako kwa wakati mmoja. Mtu mmoja bosi mmoja, Mfaransa Henri Fayol, mtaalamu wa uongozi wa kazi, alishaliandika hilo tangu 1916. Duka la vifaa vya ujenzi hapo Ngamiani, Tanga, halitaki mameneja kibao, shemeji ashike stoo na dereva, wewe pesa na madeni, mumeo manunuzi. Halafu andikeni kabisa nani anaruhusu kukopesha na mwisho shilingi ngapi, maana simenti ya mkopo ndo inaua maduka. Mumeo akitaka mifuko itoke amwambie shemeji, asimruke akaenda kwa kijana, hata kama duka kafungua yeye. Na pesa na stoo msimpe mtu mmoja, hata awe ndugu.