Mvua inataka kunyesha: kwa Kiingereza tunasemaje?

SWALI: Katika zoezi la Kiingereza niliandika "The rain wants to fall", nikimaanisha mvua inataka kunyesha. Nikakoseshwa. Nikarekebisha: "It is about to rain at four o'clock". Nayo ikakatwa! Kosa liko wapi? Na je, "about to" na "going to" si kitu kimoja?
Msomaji, Tanga

JIBU: Sentensi ya kwanza umeponzwa na Kiswahili. Kwetu -taka ina kazi mbili: kuhitaji kitu, na kukaribia kutokea. Tunasema ukuta unataka kuanguka, mtoto anataka kulia, wala hakuna anayedhani ukuta una haja ya kuanguka. "Want" ya Kiingereza sanifu haifanyi kazi hiyo ya pili.

Mahali pa -taka hiyo weka "am", "is" au "are" kufuatana na mtenda, kisha "about to", kisha kitenzi kitupu: "The wall is about to fall." "The baby is about to cry." Kwa mvua, Kiingereza huanza na "it", ambayo hapo haimtaji yeyote, ila sentensi haisimami bila kiima: "It is about to rain."

Sasa hiyo saa kumi. "About to" tayari imebeba wakati wake, yaani punde hivi. Kuibandika saa ni sawa na kusema "mvua inataka kunyesha kesho". Hata sikio la Kiswahili linakataa. Ukilazimika kutaja saa, badili muundo: "The bus leaves at six" kwa jambo la ratiba, "I am leaving at six" kwa mpango wako mwenyewe. Ukitaka kuonyesha kwamba mguu mmoja uko nje tayari, ongeza "just": "I am just about to leave."

Wengi pia huandika "I am about leaving", kwa kuwa walifundishwa kwamba "about" ni "kuhusu". Hapa siyo. Umbo la -ing linakaa baada ya "on the point of": "I am on the point of leaving", maana ileile, ila ni rasmi zaidi.

"Going to" ina uwanja mpana. "I am going to build a house" yaweza kuwa mwaka huu au baada ya miaka 10. Inaeleza nia iliyokwisha kuamuliwa. Hukutana na "about to" pale dalili inapoonekana kwa macho. Wingu jeusi likitanda, "It is going to rain" na "It is about to rain" zote ni sahihi, lakini ya pili ndiyo inayokukimbiza kuanua nguo kambani. Uamuzi wa papo kwa papo ni wa "will": mtu amebisha hodi, unasema "I'll open it." Ukisema "I'm about to open it", umeeleza kwamba ulikuwa tayari unataka kufungua.

Kwa wakati uliopita: "I was about to call you when you knocked", nilikuwa nataka kukupigia simu, mara ukabisha hodi. Mara nyingi tendo hilo limekatizwa.

Kuwa mwangalifu sana na kukanusha. "I am not about to pay", hasa kwa Wamarekani, haimaanishi kwamba bado kidogo utalipa. Ni kwamba huna nia hata kidogo ya kulipa. Kama ni suala la muda tu, sema "I am not ready to pay yet."

Na "nakuja" yetu, ile tunayosema huku tunatoka nje, usiigeuze kuwa "I am coming". Mwingereza atashangaa unavyosema unakuja nawe unaondoka. Mwambie "I'll be right back."