Mliojiunga juzi kuokoa uwanja au jengo la mtaa, someni hii kabla ya kuchora mabango

Karibuni sana wapya. Kila ikisikika kwamba uwanja wa watoto au ukumbi wa zamani unauzwa, grupu linajaa kwa siku moja, kila mtu ana hasira na anataka kuingia barabarani kesho yake, na mimi hiyo hasira naipenda kabisa maana bila hiyo hakuna kampeni. Ila kabla ya bango, tafuta kwanza nani anaamua na anaamua lini. Yani kamati ipi, ofisi ipi, kikao tarehe ngapi, mwisho wa kupokea mapingamizi ni siku gani. Mara nyingi nilizoona, notisi ilikuwa imeshabandikwa mahali au imetoka gazetini kwa maandishi madogo, afu watu wanakuja kushtuka siku wanaona mabati yamezungushwa, na hapo kibali kimeshatoka. Pingamizi la maandishi lenye saini, lililogongwa muhuri wa kupokelewa kabla ya tarehe, lina uzito kuliko posti yenye laiki elfu kumi. Na ile nakala yenye muhuri msimpe mtu yeyote, toeni kopi.

Mwangalieni Wangari Maathai mwaka 1989 Nairobi, pale serikali ilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wengi wanakumbuka jinsi alivyotukanwa hadi bungeni, lakini silaha aliyoanza nayo ilikuwa barua. Aliandikia ofisi za serikali, akaandikia mashirika ya kimataifa, akamwandikia hadi balozi wa Uingereza maana mmoja wa wawekezaji alikuwa Mwingereza, na akauliza kitu ambacho hata mtoto anakielewa, kwamba je, mngekubali hili lijengwe Hyde Park kule London au Central Park kule New York? Mradi ulikuwa unategemea pesa za nje, wenye pesa wakarudi nyuma, na kufika mwanzoni mwa 1990 umekufa. Kwahiyo msikomae na diwani peke yake. Ulizeni benki gani inakopesha, nani mbia, nani ameahidi kupanga humo likiisha kujengwa, kila mmoja apate barua yake na aandikiwe kwa heshima, maana barua ya matusi inaishia kwenye droo.

Pia kuna wale wanaofanya kazi kwa mikono. Sydney mwaka 1971 akina mama 13 walikuwa wanapigania kipande cha msitu kinaitwa Kelly's Bush, wamezunguka maofisini kote bila mafanikio, ndo wakaenda kwa chama cha wafanyakazi wa ujenzi. Chama hakikukubali hivihivi, kiliwaambia waitishe kwanza mkutano wa hadhara kuonyesha kweli mtaa uko nyuma yao, na wakaja watu kama 600. Baada ya hapo wajenzi wakagoma kugusa ule msitu, na wenzao waliokuwa kwenye saiti nyingine ya kampuni hiyohiyo iliyotaka kujenga pale msituni wakatoa onyo kwamba mti mmoja ukianguka, hilo jengo lao linabaki nusu. Msitu upo mpaka leo. Mimi hapo kwenye mkutano ndo huwa nakazia sana, mtaa wenyewe lazima uonekane, hasa wale wasiokubaliana nanyi, vijana wanaosema "sisi tunataka ajira", nendeni mkae nao na mwasikilize mpaka mwisho, msiwazomee.

Sheria nayo msiiogope. New York walivunja kituo cha treni cha Penn Station kuanzia 1963 watu wakiwa wanaandamana nje, hakukuwa na sheria ya kukilinda, na uchungu ule ndo ulisukuma sheria ya majengo ya urithi ya 1965. Kituo kingine cha treni hapohapo New York, Grand Central, kikaingizwa kwenye orodha ya urithi 1967, wenye mali wakataka kuweka jengo la ghorofa ndefu juu yake, kesi ikaenda miaka, 1975 jaji akawapa ushindi, watu wakajipanga upya akiwemo Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais Kennedy, na 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimama upande wa jiji. Jengo mnalolipenda ambalo halijatishiwa bado, liombeeni usajili wa urithi sasa hivi.

Uingereza tangu sheria ya 2011 mtaa unaweza kuomba baa au maktaba iorodheshwe kama mali yenye thamani kwa jamii, mwenye nyumba akitaka kuuza anaweza kusubirishwa hadi miezi 6 watu watafute pesa. Lakini halazimishwi kuwauzia nyinyi! Na miezi 6 inakimbia kama hamna mpango: paa litarekebishwa na nani, bili za umeme na maji zinatoka wapi, ukumbi utakodishwa kwa nani siku za katikati ya wiki. Kampeni isiyo na majibu haya naionea huruma sana, inashinda mwaka huu afu jengo linaoza mikononi mwake.

Kwa wapya kazi ya kuanzia ni hii, shikeni daftari mkae pale uwanjani, Jumamosi na siku ya kazi, asubuhi na jioni, mhesabu nani anapita, nani anacheza, nani anauza, wazee wangapi wamekaa, mpige na picha (za watoto ombeni ruhusa kwa wazazi). Maana kwenye kikao mwenye mradi lazima atasema eneo halitumiki, na hapo mtu wenu asimame na yale makaratasi asome, tarehe kwa tarehe.