Jibu: Polisi kuwa mhadhiri wa haki jinai Marekani

Mkuu, wewe ni polisi mwenye uzamili, na umeuliza kama uzoefu wa upolisi unatosha kukupa kazi ya kufundisha haki jinai (masomo ya polisi, mahakama na magereza) kwenye vyuo vya Marekani. Zamani, ndiyo. August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, California, aliishia shule ya msingi, lakini akaja kuwa profesa. Mwanafunzi wake O. W. Wilson, naye polisi, alikuwa mkuu wa kitivo cha kriminolojia (elimu ya uhalifu) pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuanzia 1950 hadi 1960, kisha akaenda kuongoza polisi wa Chicago.

Sheria ya Marekani ya kudhibiti uhalifu ya mwaka 1968 ndiyo iliyogeuza mambo. Serikali ya shirikisho ilianza kuwalipia polisi masomo ya chuo, programu zikaota kila kona, na walimu wakachotwa walipopatikana: polisi wastaafu wengi, na vipindi vikajaa hadithi za doria. Lawama zilizofuata (za haki kabisa, kwa maoni yangu) ndizo zilizoleta masharti ya leo. Kwa ajira ya kudumu tafuta shahada ya uzamivu na machapisho. Ukiwa na uzamili tu, lenga vyuo vya miaka miwili au kufundisha kwa muda.

Uongozi wa idara usiukimbilie. Ni bajeti, ratiba na kugombana na wakuu wa juu. Hata kitivo hicho cha Wilson kilifungwa mwaka 1976, baada ya mivutano ya kisiasa iliyowahusu wahadhiri wenyewe.

Una uzamili wa fani gani?