Vikombe vitatu darasani: kwa walimu wa TP

Walimu wa TP, yaani mlio kwenye mazoezi ya kufundisha, karibuni Kisumu. Mkifika kwenye uwezekano, Kidato cha Tatu, wengi wenu mtaleta mchezo wa vikombe vitatu, na ni jambo jema. Ila kila muhula somo hili huharibika palepale, na inauma kwa sababu dawa yake ni ndogo.

Mchezo mnaujua: kifutio kiko chini ya kikombe kimoja, mchaguzi anachagua, mfichaji anafunua kingine kitupu. Abaki au abadilishe? Akibadilisha hushinda mara 2 kati ya 3.

1. Anayesema "nusu kwa nusu" msimzime. Mwandishi Marilyn vos Savant alipolijibu swali hili katika safu yake ya jarida la Parade, Marekani, mwaka 1990, alipata takriban barua 10,000, nyingi zikimwambia amekosea. Karibu 1,000 zilitoka kwa wenye shahada za uzamifu.

2. Mfichaji lazima ajue kifutio kilipo. Mwalimu mgeni, kwa kutaka haki, humwambia mfichaji avuruge vikombe amefumba macho, kisha afunue chochote kati ya viwili vilivyobaki. Mara kifutio kinajitokeza, dawati zima linacheka, mwalimu anasema, "Hiyo haihesabiki, rudieni." Somo limekufa hapo. Chukueni raundi 30. Kwa wastani, katika 10 mchaguzi amekipata kifutio tangu mwanzo, kwa hiyo akibaki anashinda. Katika 20 zilizosalia, mfichaji asiyejua atakifunua kifutio mara 10, nanyi mtazitupa. Zinabaki 10 za kushinda kwa kubadilisha. Kumi kwa kumi: nusu ileile mliyotaka kuikanusha, na sasa daftari la mwanafunzi linaithibitisha! Mfichaji anayejua hatupi hata raundi moja. Zile 10 zinahamia upande wa kubadilisha, zinakuwa 20. Kwenye mchoro wa mti, tawi la "amechagua sahihi" hugawanyika 1/6 na 1/6, lakini mengine mawili hubaki 1/3 kila moja, maana hapo mfichaji hana hiari. Ukiyapa matawi yote manne robo robo, umerudi kwenye nusu.

3. Raundi 6 hazitoshi. Karibu jozi moja kati ya tatu itabadilisha kila mara na bado ishinde mara 3 au chini. Kila jozi icheze 30, mjumlishe ubaoni: jozi 20 ni raundi 600, ushindi karibu 400.

4. Njugu hubingirika na kusikika. Tumieni kifutio.

5. Mtu atapaza sauti, "Mwalimu, hii ni pata potea!" Mpeni nafasi, amegusa jambo zito. Yule wa steji akikufunulia kikombe pale tu ulipochagua sahihi, ukibadilisha unashindwa kila mara, na vikombe ni vilevile vitatu. Kwa hiyo sheria ziandikwe ubaoni kabla ya raundi ya kwanza: mfichaji hufunua kila raundi, hufunua kitupu, hagusi kilichochaguliwa, akibaki na vitupu viwili, arushe shilingi.