Kabla ya kulipa ada shule ya kanisa, omba kuona madaftari

Kila ikifika Oktoba, ndugu na majirani huanza kuniuliza kama shule ya kanisa wanakosoma wanangu hapa Morogoro ni nzuri. Nina wawili pale, mmoja darasa la pili, mwingine la sita. Jibu langu halimridhishi mtu: inategemea mwaka huu mtoto atafundishwa na nani.

Sifa za shule hizi zina asili yake. Babu na bibi zetu waliosoma misheni walijulikana kwa mwandiko na hesabu za kichwa. Ila shule zile zilichukuliwa na Serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969. Hizi za mchepuo wa Kiingereza tunazozigombania leo, nyingi zimejengwa kuanzia miaka ya 1990 na zinaendeshwa kwa ada. Mwalimu wake ana mkataba, na ajira za Serikali zikitangazwa katikati ya muhula, huyo anaondoka. Kwa hiyo muulize mkuu wa shule bila aibu: walimu wa madarasa ya chini wana muda gani hapa, na akiondoka mmoja nani anashika kipindi?

Kisha omba madaftari. Usiombe ya darasa la saba, maana hilo kila shule inalikimbiza. Omba ya la pili. Fungua katikati, tazama tarehe kama kazi zinatolewa kila siku, halafu fuata kalamu nyekundu. Niliwahi kuona daftari la hisabati ambamo 43 − 17 imejibiwa 34, na imepigwa vema. Ukiangalia vizuri unaona mtoto alivyofanya: kwenye mamoja ametoa 3 kwenye 7 kwa sababu hajui kukopa. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, vema juu ya vema. Daftari la mtoto anayefundishwa lina makosa, lina masahihisho chini yake, na masahihisho hayo nayo yamepitiwa.

Lile bango la wastani wa mitihani getini lipite tu. Tangu 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, halitangazi tena shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule unayapata kwenye tovuti yao, na humo mimi natazama idadi kwanza. Chukua watahiniwa wa darasa la nne wa 2021, walinganishe na wa darasa la saba wa 2024. Kwa sehemu kubwa ni watoto walewale. Wachache kupungua ni kawaida, wazazi huhamishwa kikazi na ada huwashinda wengine. Wakipungua theluthi, uliza. Zipo shule zinazomwita mzazi mtoto akiwa la sita na kumwambia kwa upole kwamba mwanawe "atafaa zaidi kwingine". Wastani unapanda bila mtu kufundishwa kitu, na shule ikiwa na msalaba getini, hilo huniudhi maradufu.

Kiingereza nacho kinatudanganya wazazi. Mtoto wa awali akikariri shairi mbele ya wageni tunapiga makofi hadi viganja viume. Mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona, asome, kisha akueleze kwa Kiswahili kilichotokea. Akishindwa, anatamka maneno tu.

Sala za asubuhi na nidhamu sina neno nazo, na mwandiko wa wanangu ni mzuri kuliko wangu. Majirani zangu Waislamu wana watoto palepale. Ushauri wangu kwao ni kuuliza mapema mtoto anakuwa wapi wakati wa kipindi cha dini na wakati wa misa, wasisubiri mtoto aje kuwasimulia. Na wewe unayetafuta bweni la mtoto wa darasa la kwanza, waraka wa Serikali wa 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi la nne, hivyo shule inayokuambia "tutaongea" ikutie shaka.

Ada waombe kwa maandishi: chakula, basi, sare, mitihani ya majaribio, na michango ya ujenzi wa kanisa kama ipo. Nenda siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano, saa nne hivi asubuhi, vipindi vikiendelea. Siku ya mahafali utapewa soda na kuoneshwa ngoma.